Kama alijua haya yote, kwa nini hakuyafanya akiwa madarakani?

SWALI: Ninafundisha uraia katika shule ya sekondari. Juzi niliwasomea wanafunzi hotuba ya kuaga ya rais mmoja aliyekuwa anamaliza muda wake. Ilijaa nasaha nzuri: iheshimuni katiba, waacheni wakaguzi wafanye kazi, msiteuane kwa undugu, wasikilizeni wanaowakosoa. Nilipomaliza, kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, kama alijua haya yote, kwa nini hakuyafanya akiwa madarakani?" Darasa likacheka, nami nikahamia mada nyingine. Je, nasaha za kiongozi anayeondoka zina thamani yoyote? Na nizifundisheje bila kuwakatisha vijana tamaa?

JIBU: Mwalimu, mrudie kijana huyo umwambie kwamba ameuliza swali ambalo hata sisi tunaoishi kwa kusoma mambo ya utawala tunapaswa kuanza nalo kila tunaposikiliza hotuba ya kuaga. Lina majibu zaidi ya moja, na si yote yanayomfedhehesha kiongozi. Msimamo wangu nauweka mapema ili ujue ninakokwenda: nasaha ya kiongozi anayeondoka ina uzito kwa kadiri ya yale aliyoyafunga kisheria alipokuwa bado na nguvu ya kuyafunga, tena yakimbana yeye kwanza. Hayo ndiyo mrithi atakayoyakuta mezani, apende asipende. Yaliyobaki kwenye hotuba ni dua njema. Mrithi anaweza kuitikia "amina" kisha akaendelea na yake.

Nitakupa mfano mmoja kwa kirefu, kwa sababu sijaona mwingine unaolionyesha jambo hili waziwazi kama huo.

Desemba 1997, mjini Mafikeng, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkuu wa 50. Nelson Mandela alikuwa anakabidhi urais wa chama kwa Thabo Mbeki, aliyepita bila kupingwa. Urais wa nchi alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi kadhaa. Katika maneno yake ya kufunga mkutano, Mbeki akiwa pale pale, Mandela alisema kiongozi aliyechaguliwa bila kupingwa ana mzigo mzito, maana anaweza kukitumia cheo hicho kulipiza visasi kwa waliompinga, kuwasukuma pembeni au kuwaondoa kabisa, akajizungushia watu wa "ndiyo mzee". Kazi ya kwanza ya kiongozi wa namna hiyo, akasema, ni kuwatoa wenzake hofu ili waweze kujadiliana kwa uhuru.

Ukiniuliza, hiyo ni nasaha bora kabisa ya utawala. Haikusema "tuwe waadilifu" ikaishia hapo. Iligusa hatari mahususi, ya mtu mahususi, katika saa ambayo hatari ilikuwa ndiyo inaanza, tena ilitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyeweza kumtilia shaka.

Haikusaidia. Mbeki alipokuwa rais wa nchi alianza kuhoji hadharani kama kweli VVU ndivyo vinavyosababisha UKIMWI, na serikali yake ikawa nzito kutoa dawa. Itazame kwa karibu nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto asiambukizwe VVU na mama yake wakati wa kuzaliwa. Mama alimeza kidonge kimoja alipoanza uchungu, mtoto akapewa matone kidogo baada ya kuzaliwa, na hatari ya mtoto kuambukizwa ilipungua sana. Kampuni iliyoitengeneza ilijitolea kuitoa bure kwa miaka 5. Serikali ikairuhusu katika vituo 2 tu vya majaribio kwa kila jimbo. Maana yake ni kwamba daktari wa hospitali ya umma nje ya vituo hivyo alikuwa na mama mbele yake mwenye uchungu, anajua kuna dawa iliyosajiliwa nchini, anajua kipimo chake, na haruhusiwi kumpa. Ndani ya baraza la mawaziri na ndani ya chama, waliothubutu kumwambia rais waziwazi kwamba amekosea walikuwa wachache mno. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria kwamba kuchelewesha dawa kati ya mwaka 2000 na 2005 kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Hiyo ndiyo bei ya "ndiyo mzee", na ningependa wanafunzi wako waijue, kwa sababu tunapozungumzia utawala bora mara nyingi vijana hudhani ni mambo ya semina na mabango.

Kilichokuja kuwaokoa akina mama wale ni kitu kingine ambacho Mandela alikuwa amekifanya mwaka mmoja kabla ya Mafikeng. Tarehe 10 Desemba 1996, mjini Sharpeville, alitia saini Katiba mpya. Kifungu cha 27 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma za afya, na kinailazimu serikali kuchukua hatua za maana, kwa kadiri ya uwezo ilio nao, kuitimiza haki hiyo. Wanaharakati wa Treatment Action Campaign walikichukua kifungu hicho wakaenda nacho mahakamani. Julai 2002 Mahakama ya Katiba, kwa kauli moja ya majaji wake, iliiamuru serikali iondoe vikwazo vilivyozuia nevirapine kutolewa katika hospitali nyingine za umma.

Angalia kilichotokea hapo. Hotuba ya 1997 ilimtegemea Mbeki aikumbuke na kuitii. Saini ya 1996 haikumtegemea Mbeki hata kidogo. Ilimtegemea mwananchi yeyote mwenye kifungu mkononi, na jaji ambaye rais hawezi kumpigia simu akamwambia cha kuandika. Maneno na saini vyote vilitoka kwa mtu mmoja, na kilichosimama wakati wa dhoruba ni saini.

Sasa tumjibu kijana wako kwa haki. Je, Mandela mwenyewe aliyafanya aliyoyahubiri? Mengine aliyafanya, tena yakimuuma. Septemba 1995 Mahakama ya Katiba ilitengua amri alizokuwa amezitoa kuhusu uchaguzi wa serikali za mitaa katika jimbo la Western Cape. Alikuwa kileleni kwa umaarufu, angeweza kununa au kuwachochea watu dhidi ya majaji, na wengi wangemfuata. Alitoka hadharani akasema ameukubali uamuzi. Machi 1998 alikwenda mwenyewe Mahakama Kuu mjini Pretoria, akasimama mahali pa shahidi, akahojiwa na mawakili kuhusu uamuzi wake wa kuunda tume ya kuchunguza uendeshaji wa mchezo wa raga. Rais aliye madarakani anahojiwa kama raia mwingine: hilo lilifundisha kuliko sura kumi za kitabu cha uraia. Mengine hakuyafanya. Kuhusu UKIMWI alikuja kukiri kwamba alipokuwa rais hakulipa jambo hilo uzito liliostahili. Alipostaafu akajaribu kufidia, na Desemba 2002 alikwenda Khayelitsha akavaa fulana ya wanaharakati iliyotangaza kifuani hali ya kuishi na VVU, wakati serikali ya chama chake bado inasuasua.

Kwa hiyo, mwalimu, jibu la kwanza kwa darasa ni kwamba hata kiongozi mkweli huondoka akiwa amefanya nusu. Si lazima awe mnafiki. Kuna sababu zinazomfanya mtu aone vizuri zaidi akiwa mlangoni kuliko alipokuwa kwenye kiti.

Sababu kubwa kwa mtazamo wangu ni habari. Kiongozi mkuu huishi ndani ya taarifa zilizochujwa. Kila ngazi inayopeleka taarifa juu inaondoa kidogo kinachoweza kumkera mkubwa, mpaka inapomfikia imebaki "hali ni shwari". Wapambe wanajua kabisa mshahara wao unatoka wapi. Anapokaribia kuondoka, wapambe wale wale huanza kuhamia kwa anayekuja, simu zinapungua, na waliokuwa wakiogopa kumwambia ukweli sasa hawaogopi tena. Ndipo anapoyaona mambo yalivyo, miezi michache kabla ya kukabidhi. Hotuba nyingi za kuaga huandikwa katika hali hiyo.

Nyingine ni gharama. Dwight Eisenhower wa Marekani alizungumza kwenye televisheni tarehe 17 Januari 1961, siku 3 kabla ya kuondoka, akaonya kwamba muungano wa jeshi na viwanda vya silaha unaweza kujipatia ushawishi usiostahili ndani ya serikali. Alikuwa jenerali, alikuwa amekaa ikulu miaka 8, na bajeti ya ulinzi ilikuwa kubwa sana chini ya mkono wake mwenyewe. Swali la mwanafunzi wako lingemfaa kabisa. Nadhani alisema kweli alichokiona, na pia kwamba kukikabili akiwa bado madarakani kungemgharimu wabunge, majimbo yenye viwanda, na makada wa chama chake. Anayeondoka hana uchaguzi mwingine wa kuupoteza. Ndiyo maana ulimi wake unakuwa mwepesi, na ndiyo maana pia maneno yake hayana meno.

Kuna viongozi ambao hawakuyafanya kwa sababu hawakutaka, na kwenye hotuba wanasema tu ili waandikwe vizuri. Wapo, na hakuna haja ya kuwatetea. Ila tusimpime mtu kwa kumtazama usoni. Tumpime kwa alichoacha.

Hapo nije kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1984 Katiba ya Tanzania ilirekebishwa, ikawekwa ukomo: mtu asichaguliwe kuwa rais zaidi ya mara mbili. Mwaka uliofuata Julius Nyerere aliondoka kwa hiari yake. Alizungumza mengi kabla na baada ya hapo kuhusu uongozi, na Watanzania bado wanayanukuu, lakini mimi nikitafuta nasaha yake yenye nguvu kuliko zote naiona katika sentensi ile fupi ya Katiba. Ali Hassan Mwinyi aliondoka mwaka 1995 kwa sababu yake, Benjamin Mkapa mwaka 2005, Jakaya Kikwete mwaka 2015. Hakuna aliyehitaji kushawishiwa kwa hotuba. Muda uliisha, ofisi ikakabidhiwa.

Wamarekani walilijaribu jambo hilo hilo kwa desturi tupu. George Washington alitangaza mwaka 1796 kwamba hatagombea tena, na waraka wake wa kuaga ulichapishwa gazetini. Kwa karibu miaka 150 marais waliomfuata hakuna aliyechaguliwa mara ya tatu. Kisha mwaka 1940 Franklin Roosevelt akachaguliwa mara ya tatu, na mwaka 1944 mara ya nne. Ilibidi Katiba irekebishwe, na marekebisho hayo yakapita mwaka 1951. Waraka huo huo uliwaonya pia wananchi dhidi ya ushabiki wa vyama, na hilo halikufungwa popote. Waraka husomwa kwa sauti katika Seneti kila mwaka, na wanaousoma ni wanachama wa vyama hivyo hivyo.

Sasa nataka nikuonyeshe nasaha iliyofungwa inavyofanana, neno kwa neno karibu. Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania inamhusu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yule tunayemwita CAG. Inasema atakagua hesabu angalau mara moja kila mwaka na kumpa Rais taarifa. Rais akishaipokea, ataagiza iwasilishwe bungeni katika kikao cha kwanza kinachofuata, na iwe imewasilishwa kabla ya kupita siku 7 tangu kikao hicho kianze. Mpaka hapo ni kawaida. Utamu uko kwenye sentensi inayofuata: iwapo Rais hatachukua hatua za kuiwasilisha, CAG ataipeleka kwa Spika, na Spika ataiwasilisha. Tena waandishi wake wakawaza mbali zaidi: kama kiti cha Spika kiko wazi, au Spika hawezi kufanya kazi zake kwa sababu yoyote, basi itapelekwa kwa Naibu Spika.

Isome tena taratibu ukiwa na darasa. Kuna mtendaji. Kuna siku zilizohesabiwa. Kuna njia ya pili endapo mtendaji wa kwanza atakwama, na njia ya tatu endapo wa pili hayupo. Aliyeandika ibara hii alikaa akajiuliza: "Na asipofanya je?" Kisha akajiuliza tena. Hotuba za kuaga karibu zote zinaishia kabla ya swali hilo la kwanza. "Tuimarishe uwazi katika matumizi ya fedha za umma" ni dua, ibara ya 143 ni kazi yenye mwenyewe.

Nisikudanganye, maandishi peke yake hayatoshi. Aprili 2019 Bunge la Tanzania liliazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, baada ya kusema katika mahojiano kwamba Bunge lina udhaifu. Novemba mwaka huo huo akaondoka na mwingine akateuliwa, kwa hoja kwamba kipindi chake cha miaka 5 kimekwisha. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Katiba. Uamuzi ulikuja miaka 3 baadaye, ofisi ikiwa na mtu mwingine. Kwa hiyo unapofundisha, usiwaambie wanafunzi kwamba kikishaandikwa kimekwisha. Waambie kikiandikwa, mtu anayeonewa anapata pa kushika, na taifa linapata kumbukumbu rasmi kwamba jambo lile halikuwa sawa. Kisipoandikwa, vyote viwili havipo. Wakenya walikwenda hatua moja mbele katika Katiba yao ya 2010: Mkaguzi Mkuu ana kipindi kimoja cha miaka 8, hakiongezwi. Asiyesubiri kuteuliwa tena hana sababu ya kumbembeleza mteuzi.

Mfano wa upande wa pili ni miiko ya uongozi iliyotokana na Azimio la Arusha la 1967. Ilikuwa mikali: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asimiliki nyumba za kupangisha, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi. Nyerere alipoacha urais aliiacha ikiwa hai. Februari 1991 kikao cha chama kilichofanyika Zanzibar kiliilegeza, na mwananchi wa kawaida hakuulizwa. Yeye mwenyewe alilalamika hadharani, lakini alikuwa ameshaachia uenyekiti wa chama mwaka 1990, na malalamiko ya mstaafu hayatengui azimio. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atamke mali na madeni yake ndani ya siku 30 za kupewa cheo, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Ni jambo jema. Lakini ilikuja baada ya miaka 4 ya mlango ulio wazi, na ni vigumu kukusanya kilichokwisha kutoka.

Kuna pia suala la muda, ambalo viongozi wengi hulikosea. Mabadiliko makubwa yakiachwa hadi kipindi cha mwisho, saa hugeuka adui. Rais Kikwete alianzisha mchakato wa katiba mpya akiwa kipindi cha pili. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikusanya maoni, ikakabidhi rasimu ya pili Desemba 2013. Ndani ya rasimu hiyo kulikuwa na tunu za taifa, uadilifu, uwazi na uwajibikaji zikiwemo, pamoja na maadili na miiko ya viongozi. Bunge Maalumu likakaa mwaka 2014, likagawanyika, baadhi ya wajumbe wakatoka nje, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba mwaka huo. Kura ya maoni ilipangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na miezi michache baadaye rais akaondoka. Kila mtu ana maoni yake kuhusu nani alaumiwe. La uhakika ni kwamba mrithi hakukuta katiba mpya mezani, alikuta rasimu. Rasimu haimbani mtu. Kiongozi anayetaka kuacha kitu akianze kipindi cha kwanza, wakati bado ana mtaji wa kisiasa wa kuutumia na miaka ya kusahihisha.

Kuhusu mrithi nitasema kwa ufupi. Viongozi wengi wanaamini kwamba njia ya kulinda nasaha zao ni kumchagua wenyewe atakayewafuata. Zambia inatosha kuwazindua. Mwaka 2001 Frederick Chiluba alitaka kipindi cha tatu, wananchi wakamkatalia, akamsimamisha Levy Mwanawasa. Julai 2002 Bunge lilimwondolea Chiluba kinga yake kwa ombi la huyo huyo Mwanawasa, akaandamwa na kesi za ufisadi. Botswana, nchi yenye sifa ya kukabidhiana kwa utulivu, Ian Khama alimwachia Mokgweetsi Masisi mwaka 2018, na mwaka uliofuata Khama akawa amekihama chama. Tena hata pale mrithi anapokuwa msikivu, mstaafu mwenye kiti kikubwa ndani ya chama humfunga mikono. Nyerere alibaki mwenyekiti wa chama kwa miaka 5 baada ya kuacha urais, katika mfumo ambao chama ndicho kilishika hatamu. Naelewa sababu, nchi ilikuwa katika hali ngumu ya uchumi, lakini naamini rais mpya anahitaji kutawala bila mtu wa kumtazama begani.

Kama ningeruhusiwa kumshauri rais mmoja tu anayejiandaa kuaga, ningemwambia apunguze kurasa za hotuba aongeze kurasa za makabidhiano. Hati nzuri ya makabidhiano ni nasaha ambayo watu hawaipigii makofi: mikataba ipi inakaribia kuisha, madeni yapi yanaiva na lini, kesi zipi serikali inaweza kushindwa, hoja zipi za ukaguzi zimerudi miaka mitatu mfululizo, mali ya umma ipi iko mikononi mwa nani. Ghana walilitungia sheria mwaka 2012. Sheria yao ya mpito wa urais inataka ziandaliwe taarifa za makabidhiano na orodha ya mali za taifa, na ikaunda ofisi ya kuzitunza, ili serikali mpya isianze kwa kutafuta magari na mafaili. Ndani ya taarifa za namna hiyo ndimo kiongozi anaweza kuandika kwa uwazi: hili nilishindwa, na sababu ni hizi. Sentensi moja ya namna hiyo, ikiwa na namba ya faili, inamfaa mrithi kuliko saa nzima ya jukwaani.

Umeuliza pia jinsi ya kufundisha bila kuwakatisha vijana tamaa. Usiwaambie hotuba ni maneno matupu. Hata dua ina kazi yake: ikishatamkwa hadharani inakuwa rula, na raia wanaweza kumpimia mrithi kwa rula hiyo, na hata chama chake. Waliokuwa wakimkosoa Mbeki walikuwa na maneno ya Mafikeng ya kumkumbusha. Ila wafundishe kutofautisha.

Ningefanya hivi. Wape hotuba ile ile uliyowasomea, kila kundi ukurasa mmoja, na kalamu za rangi mbili. Rangi moja wapigie mstari sentensi ambazo hazina mtendaji: zile za "tuendelee", "tuzidi", "ni muhimu". Rangi nyingine wapigie sentensi zinazotaja sheria iliyotungwa, chombo kilichoundwa, au siku iliyowekwa. Wakishamaliza, watafute kama kiongozi huyo naye aliwahi kubanwa na alichokitunga: aliwahi kushindwa mahakamani akatii? Taarifa ya mkaguzi iliyomgusa ilifika bungeni kwa wakati? Mali zake alizitamka alipoingia na alipotoka? Mara nyingi watakuta mchanganyiko, na wataacha kumwona kama shetani au malaika.

Kisha mwombe kijana yule aliyeuliza swali achague sentensi moja aliyoipigia mstari wa rangi ya kwanza, aiandike upya kama ibara. Tuseme amechagua "viongozi wawe wawazi kuhusu mali zao". Darasa limsaidie kuuliza: nani anatamka, kwa nani, ndani ya siku ngapi, nani anahakiki kwamba nyumba iliyotajwa ndiyo iliyopo, mwananchi anaruhusiwa kuisoma wapi, na asiyetamka anapatwa na nini. Watabishana hasa kwenye kipengele cha mwananchi kusoma, kwa sababu kuna hoja ya faragha na hoja ya haki ya kujua, na zote zina uzito. Waache wabishane, na kabla hawajaanza wape ibara ya 143 waisome kama kielelezo. Ni fupi, itaingia katika kipindi kimoja.